Maneno Yangu Kuhusu Ulezi

Walimu wenzangu mliobaki chuoni mliniomba niandike kidogo juu ya miaka yangu ya kazi, ili wanaoanza wapate cha kusoma. Nadhani mlitegemea mambo ya kutia moyo. Nimejaribu mara kadhaa kuanza na ya kutia moyo, na kila mara kalamu imekwenda upande mmoja, upande ninaouonea aibu. Basi nimeiacha iende. Ya vyeo na mishahara hayamo humu. Anayeyataka aende masjala, huko yametunzwa vizuri kuliko nilivyotunzwa mimi.

Nilizaliwa huku huku juu Ufipa, nikaenda kusomea lishe mbali, nikarudi kufundisha kwenye chuo chetu cha afya hapa Sumbawanga nikiwa msichana mwenye viatu vya wazi. Miaka niliyokaa kwenye joto ilinisahaulisha upepo wa kwetu. Siku ya kwanza kazini nilitetemeka mpaka mwalimu mmoja wa makamo akanivulia koti lake bila kuniuliza jina. Huyo ndiye Mwalimu Kalisto. Alikuwa akifundisha somo la utafiti na kuangalia maktaba, na mimi nilipangiwa kumsaidia.

Sikupewa darasa siku hiyo. Kalisto alinifungulia ripoti moja ya zamani, akaweka kidole kwenye sentensi iliyosema kwamba watu wa Ufipa hawana desturi ya kula mboga za majani.

"Tafuta nani alisema hivi kwanza," akaniambia.

Nilidhani ni kazi ya asubuhi moja. Ripoti ile ilikuwa imenukuu kitabu, kitabu kimenukuu ripoti nyingine, na ile nyingine imenukuu ya zamani zaidi, mpaka nikafika kwa ofisa fulani aliyepita na gari lake akaandika alichokiona barabarani. Yeye hakumnukuu mtu. Nilipompelekea Kalisto, alisoma tarehe ya safari ile akacheka taratibu.

"Alipita kiangazi," akasema. "Kiangazi hata mbuzi wetu hawali majani."

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa kazi. Vitabu vinne vilivyosema jambo moja vilikuwa mtu mmoja aliyepita na gari. Tangu hapo nikawa siwezi kusoma sentensi bila kutaka kujua mama yake ni nani.

Jambo jingine la Kalisto ni hili: hakuwahi kusema mbele ya watu bila karatasi. Hata kwenye harusi alisoma salamu. Wanafunzi walimwiga wakishika daftari tupu mbele ya uso, nasi walimu vijana tulicheka nao. Mimi nilijulikana kwa kinyume chake. Nilisimama mikono mitupu na watu wakasikiliza, na nilipenda kusikilizwa. Naandika hili mapema mlielewe, maana nilidhani ni kipaji, na siku nyingi kilikuwa kipaji kweli.

Kalisto alipostaafu nikarithi maktaba na somo la utafiti. Baadaye kidogo zikaja kompyuta. Tulizishonea vifuniko vya kitenge kama tunavyofunika redio nyumbani, na msimu wa mvua mtandao ukawa unakuja na kuondoka kama mgeni asiyependa chakula cha mwenyeji. Wanafunzi walifurahi mno. Utafiti uliokuwa ukichukua muhula mzima sasa ulikamilika kati ya chai ya saa nne na chakula cha mchana, na ulisomeka hivyo.

Nikumbuke kesi mbili tatu za miaka ile. Kijana mmoja alileta kazi nzuri ya malaria, marejeo yake yote yakitoka kwenye tovuti moja yenye picha za watoto wenye afya. Nilipoifungua nikakuta chini kabisa wanauza dawa ya kufukuza mbu, na kila utafiti waliouweka ulimalizika kwa kuisifu dawa hiyo. Binti mwingine alinijia na kurasa kumi zinazokubaliana kwamba maji ya limao huondoa mawe kwenye figo. Nilimwambia achukue sentensi moja aisome katika zote kumi. Kosa moja la tahajia lilikuwamo katika zote. Kumi walikuwa wamenakili kwa mmoja, naye hakujulikana. Yule binti akasema, "Kwa hiyo sina ukurasa hata mmoja." Huyo alikuja kuwa mtafiti mzuri.

Kutokana na kesi za namna hiyo nikatunga maswali, nikayabandika ukutani kwenye chumba cha kompyuta. Nani ameandika? Amesomea nini? Ameandika lini? Alipata wapi anayoyasema? Anapata faida gani ukimwamini? Na la mwisho: ukiweza kumfikia mwenyewe, muulize. Wanafunzi wa miaka mingi waliyakariri maswali yale kama sala ya kabla ya chakula. Wengine wakiniona mjini walinisalimu, "Shikamoo Mwalimu, nani ameandika?" Nilicheka, na moyoni nilivimba.

Miaka ya mwisho mwisho, akina mama wa parokia yetu waliniomba niwazungumzie habari za chakula na magonjwa ya sukari na presha. Ukumbi ulijaa. Vipaza sauti vililetwa na Idrisa, mwanafunzi wangu wa zamani, mtoto wa ukoo wa wafanyabiashara wa hapa mjini. Alisomea uuguzi kwetu, siku hizo akifanya kazi kwenye duka la dawa la familia pale mtaa wa Mazwi, na kwenye shughuli za watu alikodisha muziki. Ungedhani mpinzani wa kazi yangu angetoka kwa watu wanaonichukia. Idrisa alinipenda kama mama yake. Alinifungia kipaza sauti mwenyewe, akanifuta vumbi begani.

Nilizungumza bila karatasi. Akina mama walicheka, wakapiga vigelegele, wakaniletea zawadi ya kuku. Nilirudi nyumbani nimefurahi.

Baada ya hapo watu wakaanza kuniambia, "Mwalimu, tumekuona mtandaoni." Muuza nyanya aliniambia. Padri aliniambia. Mdogo wangu alipiga simu kutoka Mpanda kusema picha yangu ni nzuri. Nilijibu, "Asanteni," nikaendelea na safari. Sikufungua kuona nimeandikwa nini. Mimi niliyewakatalia watoto wa watu kazi zao kwa sababu hawakufungua ukurasa wa pili, sikufungua hata wa kwanza. Nilijua nilisema habari za ulezi, nafaka yetu ya uji. Nilijua nilisema vizuri. Ya nini kufungua?

Muhula uliofuata wanafunzi wa mwaka wa mwisho waliwasilisha tafiti zao mbele ya jopo. Jopo lilikuwa mimi, mkuu wa idara Mwalimu Sabas, na mgeni mmoja kutoka hospitalini. Chumba kilikuwa kimejaa wanafunzi wenzao. Aliyefuata ni Yusta, binti mtulivu wa Mtowisa, kule bondeni kwenye joto na mpunga. Utafiti wake ulihusu wagonjwa wa kisukari wa kijijini kwao na sababu zinazowafanya waache dawa.

Alianza vizuri. Aliwahoji watu kwa heshima, aliandika maneno yao kama walivyoyasema. Kisha akasema baadhi ya wagonjwa wameacha vidonge kwa sababu wanatumia uji wa ulezi, na kwamba jambo hilo lina msingi wa kitaalamu. Akabonyeza kompyuta, na ukutani ikatokea picha yangu. Ilikuwa picha ya mahafali, nimetabasamu. Chini yake kwa herufi nene: *Ulezi hushusha sukari bila vidonge, asema mtaalamu wa lishe Mwalimu Gaudensia.*

Yusta alinigeukia akiwa na uso wa mtu anayeleta zawadi.

Wanafunzi wakapiga makofi. Yule mgeni wa hospitalini hakupiga. Alivua miwani akanitazama.

Nilisema, kwa sauti iliyotoka kali kuliko nilivyotaka, "Mimi sikusema hayo."

"Mwalimu?"

"Nimesema sikusema hayo. Mtu yeyote anaweza kuandika jina la mtu na kuweka picha. Miaka mitatu uko hapa, hujui kupima chanzo?"

"Nilifuata yale maswali ya ukutani, Mwalimu," akasema Yusta. Sauti ilikuwa imeshaanza kupungua. "Jina la aliyesema lipo. Elimu yake ipo. Tarehe ipo, na mahali alipozungumza. Hawauzi kitu. Na lile swali la mwisho, nilikuja ofisini kwako niku—"

"Kaa chini," nikamwambia.

Akakaa. Mwalimu Sabas akaandika kitu, akaita jina lililofuata. Kazi ya Yusta ilirudishwa kwa sababu ya chanzo kisichoaminika, na mkono uliotia sahihi ni wangu.

Mchana huo niliingia chumba cha kompyuta, nikakaa chini ya maswali yangu, nikaufungua ule ukurasa kwa mara ya kwanza. Ulikuwa wa Idrisa. Alikuwa na ukurasa wa mambo ya afya, ameuandika kwa Kiswahili safi, na katika habari yangu hakukuwa na neno la dharau. Alinisifu sana. Nilijaribu kutafuta kasoro kama nilivyozoea kwa wengine. Mwandishi alijitaja. Alitaja aliposikia maneno yale, siku yenyewe, na mbele ya nani. Humo hakuuza ulezi wala dawa. Nilitafuta sentensi ile ya kichwa mahali pengine, nikakuta imenakiliwa kwenye kurasa ambazo siwezi kuzihesabu, nyingine zikiwa zimenipa udaktari. Zote zilirudi kwa Idrisa, na Idrisa alirudi kwangu.

Hapo ndipo nikakumbuka ofisi. Wiki kadhaa nyuma Yusta aligonga mlango nikiwa nasahihisha mitihani. Aliuliza, "Mwalimu, yale maneno yako ya ulezi naweza kuyatumia kwenye utafiti?" Sikuinua kichwa. Nilimjibu, "Tumia, tumia, ndiyo kazi yake." Nilidhani anasema vitini vya darasani. Nadhani nilidhani hivyo. Huenda sikudhani chochote.

Lakini bado nilikuwa na ngome yangu moja. Nilikumbuka wazi kabisa kwamba pale ukumbini niliwaambia wale akina mama, kuleni ulezi lakini vidonge msiache. Niliweza hata kukumbuka nilivyonyanyua kidole wakati nasema. Idrisa ndiye aliyeikata sentensi. Nilifunga kompyuta, nikatembea hadi Mazwi nikiwa na hasira inayonipa nguvu.

Idrisa alikuwa nyuma ya kaunta. Alitoka akanisalimu, akanivutia kiti.

"Shikamoo Mwalimu. Leo umetukumbuka."

"Marahaba. Idrisa, umeniandikia maneno ambayo sikuyasema. Nilisema vidonge visiachwe. Kwa nini umekata?"

Hakukasirika. Aliwaomba wateja wawili waliokuwapo wasubiri kidogo nje, jambo ambalo nilikuja kuelewa baadaye kuwa lilikuwa wema, kisha akatoa simu yake.

"Sauti ninayo, Mwalimu. Siku ile nilirekodi moja kwa moja kutoka kwenye mashine. Nisingethubutu kuandika kwa kukumbuka. Wewe ndiye uliyetukataza."

Akaibonyeza. Nikajisikia. Sauti yangu ilikuwa na furaha, ya mtu aliyeshika ukumbi mkononi.

"Bibi yangu mzaa mama," nilikuwa nikisema, "alikunywa uji wa ulezi asubuhi na jioni mpaka Mungu alipomwita. Sukari hakuijua. Vidonge hakuvijua. Hospitali alikuwa anaisikia tu kwa majirani. Nyie leo mnashindana nani kabeba mfuko mkubwa wa dawa." Kicheko. "Rudini kwenye ulezi, mama zangu. Hivyo vidonge mtaviweka kabatini wenyewe." Kicheko tena, na vigelegele.

Nilingoja. Nilijua sasa inakuja ile sentensi yangu, na kidole. Haikuja. Nilihamia kwenye mboga, kisha kwenye chumvi, kisha nikashukuru kwa kuku.

"Rudisha," nikamwambia. Akarudisha. Tukasikiliza yote tena. Haikuwamo. Sikuwahi kuisema. Nilikuwa nimeisema darasani miaka mingi, na kichwa changu kilikuwa kimeichukua kutoka darasani kikaiweka ukumbini, pamoja na kidole.

"Mimi nilidhani umefanya utafiti mpya," Idrisa akasema. "Maana wewe husemi kitu bila chanzo."

Chanzo. Bibi yangu mpenzi hakupimwa sukari hata siku moja. Nilikuwa mtoto alipofariki, na nakumbuka miaka ya mwisho alikuwa haoni vizuri na miguu yake ilikuwa na vidonda ambavyo mama alivifunga kwa majani. Mimi mtaalamu wa lishe sikuwahi kuunganisha mambo hayo mpaka dakika ile, nimekaa kwenye kiti cha duka la dawa. Nilikuwa nimewapa watu ushahidi wa mgonjwa mmoja asiyepimwa, ambaye huenda aliuawa na ugonjwa ule ule ninaodai hakuujua. Nami niliusema vile kwa sababu ulichekesha.

Nilimwomba Idrisa aifute ile habari. Aliifuta mbele yangu, akaandika maelezo ya kusahihisha, akanisomea kabla ya kuyaweka. Alitaka kuandika kwamba kosa ni lake la kutouliza. Nilimkataza. Zile nakala nyingine tuliwaandikia wenyewe kadiri tulivyowapata. Wachache walijibu. Nyingi zipo mpaka leo, na ile ya udaktari bado ina picha yangu ya mahafali.

Kesho yake nilimwita Yusta, nikamwambia niliyoyasikia kwenye ile sauti. Nilimwambia alikuja kuniuliza na mimi nikajibu bila kusikiliza, kisha nikamwaibisha mbele ya wenzake. Nilisema nitamweleza Mwalimu Sabas, na nitawaeleza wanafunzi wote chumba kile kile. Nilifanya hivyo, na kazi yake ikapokelewa upya. Naweza kusema ilikuwa ngumu, lakini ugumu wake ulikuwa mdogo. Kilichokuwa kigumu ni alichonijibu pale ofisini.

"Asante, Mwalimu. Lakini mmoja wa wale wagonjwa ni shangazi yangu."

Nilimvutia kiti. Hakukaa.

"Alitumiwa ule ujumbe kwenye simu. Mwanzoni hakuamini. Mimi ndiye niliyemwambia huyo ni mwalimu wangu, hasemi uongo. Akaacha vidonge. Mguu ukapata kidonda, wakamkata vidole. Siku nawasilisha nilikuwa sijaambiwa. Walinificha kwa sababu ya mitihani. Jana usiku baba amenipigia."

Alisema yote hayo bila kulia, kama mtu anayesoma matokeo. Mimi ndiye niliyelia, naye akabaki amesimama hajui afanye nini na mwalimu wake.

Jumamosi tuliteremka pamoja Mtowisa. Mnaoijua njia ile mnajua gari linavyoiacha baridi juu na kuingia bondeni likilia breki, watu wakivua masweta mmoja baada ya mwingine. Sikuwa na hotuba. Kila niliyoitunga ilianza na neno "lakini", nikaitupa.

Shangazi yake Yusta anaitwa Mama Skola. Tulimkuta amekaa kwenye mkeka mlangoni, mguu umenyooshwa juu ya mto, anachambua mchele. Alikuwa amerudi kwenye vidonge vyake, muuguzi wa kituo cha afya alikuwa akimfuatilia. Nilipiga magoti kumsalimu ingawa hanizidi kwa miaka mingi. Nikamweleza. Nilimwambia maneno yalikuwa yangu, hayakuwa ya kweli, niliyasema kwa kutaka watu wacheke.

Alisikiliza huku vidole vikiendelea na mchele.

"Mimi simu siiamini," akasema mwishowe. "Simu kila siku inaniambia nimeshinda zawadi. Nilikuamini kwa ajili ya huyu mtoto. Kwa hiyo usiseme na mimi kuhusu simu."

"Ndiyo, mama."

"Nimesamehe?" Alijiuliza kama mtu anayetafuta kitu ndani ya nyumba. "Sijui bado. Ila wapo wengine hapa waliosikia kwangu. Mimi niliwaambia, maana nilijisikia fahari kwamba mwalimu wa Yusta anasema. Kesho baada ya ibada utasimama uwaambie. Mimi nimechoka kusimama."

Nililala kwao. Asubuhi katekista aliyeongoza ibada kwenye kanisa dogo la kigango alinipa nafasi baada ya matangazo, akawaambia watu mgeni ana neno. Safari hii nilikuwa nimeandika kwenye karatasi, nikaisoma kama ilivyo, neno kwa neno. Jina langu, kazi yangu, niliyosema ukumbini, kwamba si kweli. Ulezi ni chakula kizuri, haubadilishi dawa, na aliyeacha vidonge arudi kituo cha afya. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyeguna hata kidogo, na ukimya wao ulinikumbusha, kwa uchungu, jinsi ule ukumbi wa mjini ulivyokuwa umejaa sauti.

Nilipomaliza, mzee mmoja aliyekaa benchi la nyuma, kofia mikononi, akasimama. Alizungumza taratibu, kwa Kiswahili chenye Kifipa ndani yake.

"Mwalimu, tumekusikia. Mara ya kwanza ulituambia kwa jina lako na elimu yako, tukaamini. Leo umekuja tena kwa jina lile lile na elimu ile ile. Sasa hili la leo tutalithibitisha wapi?"

Katekista alitaka kumnyamazisha. Nilimwomba amwache. Miaka yangu yote ya kufundisha sijawahi kuulizwa swali zuri kuliko lile, na mtu wa mwisho aliyestahili kulijibu nilikuwa mimi.

"Usilithibitishe kwangu, baba," nikasema. "Muuguzi wa kituo yupo. Mwulizeni yeye. Msimwambie nimesema nini, mwulizeni tu."

Mzee akavaa kofia yake, akamshika mkono kijana wa benchi la mbele, wakatoka wote wawili kuelekea kituo cha afya, ng'ambo ya uwanja. Nilidhani watu wataanza kutawanyika. Hawakutawanyika. Walikaa kwenye mabenchi yao wakingoja, nami nikabaki nimesimama mbele yao na karatasi yangu, kwa sababu sikuambiwa nikae. Mama Skola alikuwa ameegemea nguzo ya mlangoni, hanitazami mimi, anaitazama njia waliyoifuata.

Jua lilikuwa kali. Mtoto mmoja akalia akanyonyeshwa. Mimi nilitumia wakati ule kujifunza kitu ambacho somo langu la utafiti halikunifundisha: namna inavyokuwa kuwa chanzo ambacho watu wamekwenda kukipima, na hujui watakaporudi watasema nini, na wana haki.

Wakarudi. Mzee alisimama mlangoni, akavua kofia.

"Ni kweli," akawaambia watu. Hakuniambia mimi. "Muuguzi amesema tumeze vidonge. Na uji tunywe."

Watu wakaanza kunyanyuka. Mwanamke mmoja akafungua kitenge chake, akatoa karatasi ndogo ya dawa iliyokunjwa kunjwa, akaitazama, akaelekea kule walikotoka wale wawili. Wengine wawili wakamfuata.